UZI: Pewen, mti uliolisha watu milima ya Andes, ukafika Ulaya ukatungiwa hadithi za shetani

Mzee wa Kitalu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Hili jambo nimekaa nalo kichwani muda mrefu, leo nalishusha. Mimi kazi yangu ni miche, niko Arusha, na moja ya miti inayoulizwa sana kitaluni ni araukaria, ule mti ulionyooka wenye matawi yaliyopangika safu juu ya safu, mnauona kwenye bustani za mahoteli na nje ya makanisa. Huo tunaouza sisi asili yake ni kisiwa cha Norfolk, huko baharini mashariki ya Australia. Wateja wengi wanaishia hapo, mti wa pambo, basi.

Mimi nataka niwaletee habari za ndugu yake wa milima ya Andes, Chile na Argentina, kwa sababu ule siyo pambo kabisa. Ule umelisha watu karne na karne na mpaka leo unawalisha, halafu ulipovushwa bahari kwenda Ulaya ukageuka kitu cha kutishia watoto. Mti uleule mmoja! Mimi naamini tofauti yake ni kwamba kule kwao watu wanaula, na kule ulikopelekwa watu wanautazama tu. Ndiyo hoja yangu, mnaoona sivyo mtanipinga huko chini.

Jina la kitaalamu ni Araucaria araucana. Wamapuche, wenyeji wa huko, wanauita pewen, na wale Wamapuche wa milimani wanaoishi nao wanaitwa Wapewenche, watu wa pewen. Waingereza wanauita monkey puzzle, yaani fumbo la nyani, hilo nalo nitalifikia.

Kwanza muuone ulivyo. Msifikirie sindano kama za msonobari wa Sao Hill. Jani lake ni bapa, pembetatu, gumu, sentimita 3 hadi 4, ncha inachoma kwelikweli, na majani yamelizunguka tawi pande zote yamelaliana mpaka tawi lenyewe hulioni. Jani moja linaweza kukaa mtini miaka 10, 15 na kuendelea bila kudondoka. Hata shina la mti mchanga limevaa majani hayohayo, kwa hiyo huna pa kushika. Ukizeeka unaacha matawi ya chini yaende, unabaki na shina refu tupu na mwavuli juu kabisa, mita 30 au 40 toka chini. Gome lake nene limepasuka vipande vipande vyenye pembe, kwenye mti mkubwa unene wake unapita sentimita 10, na hilo gome lina kazi kubwa maana kule ni nchi ya volkano. Llaima, Lonquimay, Villarrica, Lanín, zote ziko kwenye ukanda wake. Moto na majivu ya moto kwake siyo mgeni.

Umri sasa. Miaka 1,000 unaipita. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Conguillío kuna mmoja wanauita Araucaria Madre, mama araukaria, unakadiriwa miaka 1,800. Na hauna haraka yoyote, kuanza kuzaa tu mbegu ni mpaka miaka 30 au 40 hivi. Mara nyingi dume ni mti wake na jike ni mti wake. Koni ya jike ni duara, kubwa kufika hadi sentimita 20, toka ipate chavua mpaka ikomae ni karibu miaka miwili, halafu inafumuka hukohuko juu na mbegu zinamwagika chini, mia na kitu kwa koni moja, mpaka 200. Kila mbegu ina urefu wa sentimita 3 mpaka 5, ya kahawia, inang'aa. Wahispania wanaiita piñón.

Naendelea, msijaze kurasa kwanza.

---

Mzee wa Kitalu

Hadithi yenyewe ya pewen. Inasimuliwa kwa namna nyingi, mimi nawapa mkondo wake mkuu.

Zamani Wapewenche waliuheshimu pewen kuliko mti wowote, wakasali chini ya kivuli chake, wakautundikia zawadi, wakazungumza nao kama mtu anavyozungumza na mzee wake. Ila mbegu zake hawakula. Zilikuwa zinadondoka zinaachwa hapohapo, wengine wakiamini zina sumu, wengine wakiona kitu cha mti mtakatifu hakitiwi mdomoni. Ikaja njaa. Theluji haiishi, wanyama hamna, wazee na watoto wanakufa, wanamwomba Ngenechen, Mungu wao, kimya. Wazee wakaamua vijana watawanyike waende mbali wakatafute chochote, mizizi, matunda ya porini, majani. Vijana wakatawanyika, wakarudi mikono mitupu.

Mmoja akiwa njiani kurudi amekata tamaa akakutana na mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe. Mzee akamuuliza, unatafuta nini mwanangu? Akajibu, chakula cha ndugu zangu wanaokufa njaa. Mzee akashangaa, sasa si pewen wamejaa kila mahali na chini yao mbegu zimetapakaa? Kijana akamweleza wanavyoamini. Mzee akamwambia toka leo mtazila, zichemsheni maji mengi mpaka zilainike, au zichomeni motoni, na za akiba zifukieni ardhini baridi isizipate. Kisha akaenda zake. Kijana akajaza vazi lake mbegu, akakimbia nyumbani, wazee wakasikiliza wakasema huyo si mwingine ni Ngenechen mwenyewe ameshuka. Wakachemsha, wakala, wakapona. Toka hapo ikawa desturi kusali alfajiri na tawi la pewen mkononi, na mpaka leo kwenye ibada yao kubwa inayoitwa ngillatun tawi la pewen lina nafasi yake.

Kinachonifurahisha hapa ni kwamba Mungu anashuka kwenye njaa halafu hakuangusha chakula toka mawinguni, kawapa mapishi. Chemsha, choma, fukia. Mtoto akisimuliwa hiyo mara kadhaa kabla ya kulala tayari anajua kuishi majira ya baridi kule milimani.

---

Dada Kibo

Mzee wa Kitalu uzi mzuri sana huu. Swali, kwa nini wafukie? Mbegu ukifukia si inaota au inaoza? Na ladha yake ikoje, ni kama karanga? Halafu huku kwetu Tanzania unaota?

---

Mzee wa Kitalu

Dada Kibo asante kwa swali. Ladha na ulaini wake chukulia mbegu za fenesi zilizochemshwa vizuri, wanga mtupu, mafuta kidogo, kwa hiyo siyo karanga. Unachemsha karibu saa nzima, unakata kile kitako, unabana kwa vidole au meno kiini kinatoka. Wengine wanachoma jikoni kwenye majivu ya moto.

Kuhusu kufukia, baridi ya ardhi ya kule inazilaza hizo mbegu, na mashimo mengine walikuwa wanayatia maji, mbegu inakaa mbichi miezi na miezi bila kuharibika. Nyingine wanazikausha wanasaga unga, unga unakuwa mkate au unatiwa kwenye supu, na kuna kinywaji kabisa cha kuchachusha wanakiita chavi. Kwa hiyo ni uji, mkate na pombe toka mti mmoja.

Mavuno ni kuanzia Februari mpaka Mei hivi, kule ndiyo kiangazi kinaisha na vuli inaingia. Familia zinapanda juu na mifugo yao kwenye malisho ya kiangazi, wanakaa vibandani, mbuzi na kondoo wanakula majani na watu wanaokota mbegu. Nyingi zinaanguka zenyewe. Ambazo hazijaanguka wanazipiga kwa miti mirefu au kamba. Zinazozidi zinashushwa sokoni, kwenye miji ya Lonquimay na Temuco, zinauzwa kwa kilo kama bidhaa nyingine yoyote.

Na wao hawako peke yao mezani. Kuna kasuku wa kijani wa huko, cachaña, vuli ikifika wanakuja makundi kwa makundi kwenye mapewen, wanabeba mbegu wanaruka nazo mti wa mbali, wanakula kipande wanaangusha kilichobaki. Watafiti upande wa Argentina waligundua ile mbegu iliyoliwa nusu bado inaweza kuota. Kwa hiyo huyo ndege tuliyekuwa tunamwita mwizi ni mpandaji pia. Panya nao wanaficha akiba wanasahau, mche unatokea. Halafu mti una mbinu yake, hauzai sawasawa kila mwaka, kuna mwaka msitu mzima unakubaliana kuzaa kidogo na kuna mwaka unamwaga, mwaka wa kumwaga walaji wote wanashiba na bado zinabaki za kuota.

---

Mama Wawili UK

Wapendwa, naishi Uingereza na huu mti naujua kwa macho, upo nyumba moja mtaa wa nyuma yetu, mkubwa umepita paa na umesimama bustani ya mbele ambayo hata gari mbili haziingii. Wanangu wakipita hapo wananyamaza ghafla!! Nilidhani wamegombana. Kumbe wameambiwa shuleni na wenzao ukiongea ukipita chini yake unapata nuksi. Bibi mmoja jirani akanithibitishia, anasema utotoni kwao waliambiwa utaota mkia wa nyani. Nikashangaa Wazungu nao wana mambo haya. Sasa naomba mkuu utufafanulie ulifikaje huku na shetani kaingiaje.

---

Mzee wa Kitalu

Mama Wawili umenirahisishia kazi. Hizo imani ni kweli zimeandikwa na wakusanyaji wa mila za Uingereza, kunyamaza ukipita, nuksi, mkia. Na kule mashariki, maeneo ya mabwawa ya Cambridgeshire, waliamini shetani hupenda kujificha mitini makaburini kuchungulia maziko, kwa hiyo ukipanda araukaria pembeni ya makaburi unamzuia, hawezi kukaa kwenye matawi yale. Wengine wakaamini kinyume chake kabisa, kwamba shetani ndiye mkazi wa ule mti na ndiyo maana unyamaze asikusikie.

Ulifikaje. Mwaka 1795 meli ya Discovery ya nahodha George Vancouver ilitia nanga Valparaíso, Chile, ikiwa inarudi toka safari ndefu ya Pasifiki. Daktari wa meli, Archibald Menzies, Mskochi, alikuwa pia mtu wa mimea. Maofisa wakaalikwa chakula na mtawala wa Chile, Ambrosio O'Higgins, mwisho wa chakula zikaletwa mbegu asizozijua, Menzies akatia kadhaa mfukoni akaenda kuziotesha melini. Akafika Uingereza na miche mitano hai. Mmoja ulikaa bustani ya Kew hadi 1892.

Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Mbegu zile zilikuwa mezani kwa sababu kuna watu waliziokota milimani wakazishusha. Historia imeandika jina la daktari, jina la nahodha, jina la mwenye meza, aliyeokota hayupo popote.

Miti ilikuwa adimu sana mwanzoni, ya kifahari. Miaka ya 1840 ndiyo mambo yakabadilika, kitalu cha Veitch cha Exeter kilimtuma mtu wake William Lobb, akarudisha mbegu zaidi ya 3,000, ikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida wenye kauwezo na kila mwenye nyumba mpya akataka wake. Ndiyo hiyo unayoiona Mama Wawili imebanwa bustani ya mbele. Mche ulionunuliwa ukiwa unafika gotini, wajukuu wa mnunuzi ndio wanahangaika nao dirishani.

Jina sasa. Kule Cornwall kwenye bustani ya Pencarrow, karibu mwaka 1834, mwenye nyumba Sir William Molesworth alikuwa anawaonyesha wageni mti wake mpya, mmoja wao mwanasheria Charles Austin akasema kuukwea huu kungemshinda hata nyani. Basi likashika. Wafaransa wakaenda mbali zaidi wakauita kukata tamaa kwa nyani. Kumbe kwenye misitu ya pewen hamna nyani hata mmoja, Chile yote haina nyani wa porini. Mnyama aliyepewa mti hajawahi kuuona.

---

Kobe wa Pangani

Mkuu heshima yako, uzi umeenda shule. Lakini hiyo hoja yako ya kwamba anayeula hauogopi mimi naikataa. Angalia mbuyu. Sisi pwani ubuyu tunakula toka hatujaota meno, unga wake kwenye uji, majani watu wanapika mboga, na bado mbuyu ndiyo nyumba ya majini namba moja, magharibi ikiingia bibi anakuita urudi ndani usipite pale, na watu wanafunga vitambaa, wanaacha ubani na maji ya marashi chini yake. Tunakula na tunaogopa vyote pamoja.

---

Dada Kibo

Kobe umegonga penyewe 🔥 na huku milimani mkuyu hivyohivyo, watu wanachota maji chini yake na bado hakuna wa kuthubutu kuukata.

---

Mzee wa Kitalu

Kobe wa Pangani hapo umenipa kazi na nashukuru maana ni hoja nzito. Nakubali mbuyu unaliwa na unaogopwa. Lakini tazama huo woga wenyewe ukoje. Bibi yako anajua pale pana nani, anajua saa yake, anajua unampelekea nini ili muishi kwa amani. Ubani, maji ya marashi, kitambaa, hiyo ni adabu kwa jirani mkubwa. Na Wapewenche ndivyo walivyo, kumbuka hata kwenye hadithi waliutundikia zawadi kabla hawajaanza kuula. Ule wa Cambridgeshire hauna ubani wala mazungumzo, kuna kunyamaza na kupita haraka. Mti umekuja na meli, hakuna aliyefuatana nao kueleza ni wa nini, hata mapishi yaliachwa nyuma! Mamilioni ya Waingereza wamepita chini ya huo mti zaidi ya miaka 150 na wengi hawajui kinachodondoka ni chakula.

Kwa hiyo nabadilisha kauli yangu kidogo kwa heshima yako, tofauti ni kama mna mazoea na mti au hamna. Kula ndiyo njia kubwa ya kuzoeana, sitatoka hapo.

---

Kobe wa Pangani

Hapo nimekuelewa mkuu, tuko pamoja. Mazoea nakubali. Endelea.

---

Mwl. Fizikia

Naomba kuchangia upande wa sayansi, nimewahi kusoma kwamba hii miti ilikuwepo wakati wa dinosaria. Mwenye kujua zaidi atuthibitishie.

---

Mzee wa Kitalu

Mwalimu ni kweli na hapa ndipo inapotugusa sisi kabisa. Ukoo wa araukaria ulikuwa umeenea dunia nzima enzi za Jurasiki. Patagonia upande wa Argentina kuna msitu uliogeuka jiwe unaitwa Cerro Cuadrado, wa miaka kama milioni 160 iliyopita, koni zimekuwa mawe, ukikata moja katikati unaona mbegu zimepangana ndani vilevile, hata kile kimche kichanga ndani ya mbegu kinaonekana. Na ile johari nyeusi ya Whitby, Uingereza, jeti, ambayo wanawake walivaa sana wakati wa msiba hasa baada ya mume wa Malkia Victoria kufariki 1861, ni mbao za miti ya ukoo huuhuu zilizozama baharini zikagandamizwa miaka milioni 180. Yaani Uingereza ilishakuwa na araukaria zake zamani za kale, zikapotea, ndipo Menzies akaurudisha ndani ya mfuko.

Sasa Tendaguru. Mlima wetu ule kule Lindi, Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, na waliochimba na kubeba ile mifupa ya dinosaria kichwani mpaka bandarini ni watu wa kusini, mamia. Yule mkubwa aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin, Giraffatitan, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Shingo ile yote ni ya kufikia nini? Chavua iliyoganda kwenye udongo wa Tendaguru inaonyesha bara la ndani lilikuwa limejaa misitu ya miti ya koni, na Afrika na Amerika Kusini bado zilikuwa nchi moja kubwa, Gondwana. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walichukua majani ya mimea ya kale iliyopo hadi leo wakayachachusha maabara kama tumboni mwa mnyama, majani ya araukaria yakawa yanaanza polepole lakini yakiachwa muda mrefu yanatoa nguvu nyingi. Mnyama mwenye tumbo la ukubwa ule muda anao. Kwa hiyo yale majani magumu ya kuchoma tunayodhani ni ya kumzuia nyani, wataalamu wengine wanafikiri yalianza kama kinga dhidi ya midomo mikubwa zaidi ya hiyo.

Afrika ukoo huu ulipotea wenyewe. Leo araukaria za asili zipo Amerika Kusini, Australia, Guinea Mpya na visiwa vya Pasifiki, New Caledonia peke yake ina zaidi ya nusu ya aina zote duniani. Zilizopo kwetu zote zimepandwa.

---

Msomaji Mkimya

Leo nimelazimika kujibu maana huwa nasoma tu. Hali yake ikoje sasa? Unavyosema unalisha watu na mbao ni nzuri najua mwisho wa hadithi za aina hii, tumeshaona mvule na mpingo.

---

Mzee wa Kitalu

Msomaji Mkimya umegusa kidonda.

Mbao yake ndiyo iliyouponza. Imenyooka, haina mafundo, wakoloni wa Kihispania waliipigia hesabu ya milingoti ya meli, baadaye ikawa mataruma ya reli, majengo, plaiwudi. Lakini kabla ya shoka ilikuja bunduki. Chile ilivamia nchi ya Wamapuche kuanzia 1861 mpaka 1883, Argentina nayo upande wake ikafanya vita vya aina hiyohiyo, watu wakasukumwa juu milimani kwenye ardhi mbovu na ardhi nzuri zikagawiwa wageni. Kule juu waliobaki wakaishi kwa mifugo na mbegu za pewen. Kwa hiyo anayekata pewen siyo kwamba anakata mti, anafyeka shamba la mtu ambalo babu yake alilivuna.

Mwaka 1976 serikali ya Chile iliutangaza kuwa urithi wa asili unaolindwa, marufuku kukata. Mwaka 1987 ikalegeza, kampuni zikarudi msituni. Hapo ndipo bonde la Quinquén, wilaya ya Lonquimay, likajulikana nchi nzima. Familia za Wapewenche waliokuwa wanaishi mle waliambiwa ardhi ina mwenyewe na mwenyewe anataka mbao, watoke. Wakakataa kutoka. Kesi mahakamani, amri za kuwahamisha, wao wamekaa. Mwaka 1990 utawala wa kijeshi ulipoondoka serikali mpya ikarudisha marufuku kamili, na baadaye serikali ikainunua ile ardhi, mwishowe familia zikapewa hati. Nikifikiria hilo napata nguvu jamani, watu wachache wa mlimani waliosimama na miti yao mpaka sheria ikarudi.

Kimataifa uko kundi la kwanza la CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya miti ya porini imefungwa, na toka 2013 umeorodheshwa kama ulio hatarini kutoweka. Shida ya sasa ni nyingine. Moto, kwanza. Nilisema gome lake linahimili moto, ni kweli, na hata ukiungua unaweza kuchipua tena, lakini moto wa siku hizi ni mkali na wa karibu karibu kuliko zamani. 2002 uliteketea msitu mkubwa maeneo ya Malleco na Tolhuaca, miti ya mamia ya miaka, 2015 ikawa zamu ya hifadhi ya China Muerta. Pili, nguruwe pori walioletwa toka Ulaya wanafukua mbegu wanamaliza na miche. Ng'ombe na mbuzi nao wakizidi mche hauinuki. Tatu, toka miaka ya 2015, 2016 hivi matawi yakaanza kukauka toka chini kwenda juu kwenye misitu mingi ya Chile, wataalamu wanahusisha na ukame na fangasi.

Kuhusu kuokota mbegu kwa ajili ya chakula kuna wanaosema na kwenyewe kupunguzwe. Mimi nasema watazame kwanza aliyeleta nguruwe na aliyeleta msumeno. Mtu anayeila ile mbegu ndiye wa kwanza kuona mwaka ambao haikudondoka.

---

Mama Wawili UK

Nimesoma na machozi hapo Quinquén. Nimewaambia wanangu ule mti wa mtaa wa nyuma ni chakula hawaamini 😂 Mkuu, nikiziona zimedondoka naweza kuokota? Na Kibo aliuliza mapema kama Tanzania unaota, hukumjibu.

---

Dada Kibo

Ndiyo sijajibiwa 😅 niko Marangu, baridi ipo.

---

Mzee wa Kitalu

Mama Wawili, muombe mwenye nyumba kwanza. Ila uangalie kama karibu kuna dume na jike, jike likiwa peke yake koni zinatoka lakini ndani mara nyingi ni maganda matupu. Mbegu nzima ni nzito na imejaa, ukiibonyeza haibonyei. Vaa glovu, yale majani makavu chini yanachoma hata soli nyembamba.

Dada Kibo samahani nilikuruka. Huu wa Chile unataka baridi ya kweli, majira ya theluji na kiangazi cha ubaridi, joto la mwaka mzima linaudhoofisha. Marangu kuna ubaridi ndiyo lakini mchana wa jua la ikweta ni kitu kingine, mimi nisingekuuzia nikuahidi. Ndugu zake ndio wanaokubali huku, wa Norfolk, na yule wa Queensland anaitwa hoop, nyanda za juu za Kenya, Uganda na kwetu wamestawi vizuri. Kuna na bunya, huyo naye wa Queensland, koni yake inafika kilo kadhaa na wenyeji wa Australia walikuwa wanakusanyika toka mbali kwenda kuila kwenye milima ya Bunya miaka ya mavuno makubwa. Ukitaka araukaria ya kuliwa panda huyo, ila mbali na nyumba na mbali na maegesho, koni hiyo ikidondoka inavunja bati.

Na kwa yeyote atakayepata mbegu za pewen kihalali, toka miti ya bustani yenye vibali, msizianike. Ikikauka imekufa. Changanya na mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko, weka kwenye friji wiki kadhaa, halafu choma ncha nyembamba chini kwenye mchanga, nusu ya mbegu ibaki nje. Chungu kiwe kirefu maana mzizi unatangulia kwenda chini kabla hujaona kitu juu. Na wekeni wavu juu, panya anaijua hiyo mbegu hata kama hajawahi kufika Chile.

Kwenye bunya nitafungua uzi wake, hapa itakuwa tumechanganya mambo.